Watoto Waliopanga Herufi

Neno linalomtoa jasho mwanafunzi wa kupanga herufi za risasi ni Mungu. Lina u mbili na n moja, na herufi hizo hufanana mno zikitazamwa kichwa chini miguu juu, namna mpangaji anavyozitazama siku nzima. Kila herufi ni kipande chembamba cha risasi, na umbo lake limegeuzwa, kushoto limekuwa kulia. Unakiokota katika sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, unakiweka kwenye kibao cha chuma ulichokishika mkono wa kushoto, unaokota kingine, na mstari unajaa polepole huku maneno yote yamesimama kwa kichwa. Mzee aliyenifundisha kazi hii katika kiwanda cha chapa cha kanisa, hapa mkoani Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuwa akimwambia kila kijana kabla hajagusa sanduku: "Mwanangu, ukifika kwenye jina la Mungu, simama, uhesabu."

Namkumbuka mzee huyo kila ninaposoma habari za mwanzo wa Ukristo wa Pwani. Vitabu vinamtaja askofu, vinamtaja mtafsiri, vinataja mwaka kitabu kilipotoka. Aliyeokota n na u hatajwi, au hutajwa kwa neno moja tu, "wavulana". Wavulana hao, kule Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, walikuwa watoto waliotolewa ndani ya majahazi ya watumwa. Maandiko ya Kiswahili tunayoyasoma leo kanisani na nyumbani yalianza kupita katika vidole vyao, na nataka habari zao ziandikwe na mtu anayeijua kazi waliyoifanya.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu waliiita kwa kifupi UMCA, ilitokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge, Desemba 1857. Jaribio la kwanza la misheni hiyo lilikuwa Magomero, katika nchi ya mto Shire, na liliishia makaburini. Askofu Mackenzie, aliyeliongoza, alifariki Januari 1862, hata miaka miwili hajamaliza nchini. Aliyemrithi, Askofu Tozer, aliamua kuhamia Unguja, na tarehe 31 Agosti 1864 aliteremka hapo pamoja na padre aitwaye Edward Steere. Walikuwapo Uingereza waliomlaumu Tozer kwamba amekimbia bara. Mimi simlaumu, kwa kuwa Unguja ndiko kulikokuwa na lugha ambayo ingefika bara kabla ya mmisionari yeyote, midomoni mwa wapagazi na wafanyabiashara.

Steere alikuwa amesomea sheria. Zaidi ya hapo, tangu ujana wake huko Uingereza alikuwa amejifunza kupiga chapa. Jambo hili la pili hupitiwa haraka katika habari za maisha yake, lakini kwa maoni yangu ndilo lililoamua mengi. Mtu asiyejua chapa angeandika tafsiri yake, akaifunga, akaipeleka London na kungoja meli irudi. Steere alikuwa na mtambo Unguja. Mwaka 1865, muda si mrefu tangu afike, tayari vilikuwapo vijitabu vya maneno ya Kiswahili vilivyochapwa hapohapo kisiwani. Aliweza kuandika ukurasa, ukapangwa, ukachapwa, ukasomwa kwa sauti mbele ya watu, wakamwambia palipokaa vibaya, naye akaurudisha mezani.

Tusidanganyane kwamba kusoma kulianza siku hiyo. Watu wa Pwani walikuwa wanasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla Steere hajazaliwa. Walikuwa na tenzi, barua, hesabu za biashara, na watoto wao waliimba herufi chuoni kila asubuhi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza mwaka huohuo kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliketi na kadhi wa mji ili apate maneno. Unguja nako mwanachuoni mmoja, Sheikh Abdulaziz, alijitolea mwenyewe kumtafsiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kilichotakata. Kazi hiyo haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha juu mno kwa watu waliokusudiwa kukisikia. Hata hivyo nataka Wakristo wenzangu walikumbuke jambo hili. Mwislamu, mtu wa elimu na heshima, aliketi na Zaburi za Daudi akazitafutia maneno mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo, na wala hakulazimishwa na mtu.

Sasa wale watoto. Baada ya Tozer na Steere kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokutwa ndani ya jahazi lililokamatwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja dogo la utumishi kanisani mwaka 1870, na Swedi akawa shemasi mwaka 1879. Baada ya watano wale walikuja wengine, walioletwa na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikivizia majahazi baharini. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wa makabila mengine mengi. Mtoto alifika hana mama wala ndugu, na mara nyingi hana hata wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, nacho walikikuta ugenini, wengine njiani katika msafara, kinywani mwa waliowafunga.

Shule yao iliwekwa Kiungani, kusini ya mji, na wasichana wakapelekwa Mbweni, mbele zaidi, ambako misheni ilinunua shamba mwaka 1871. Kiungani walisoma, wakalima, wakajifunza useremala, na baadhi yao wakawekwa kwenye chapa. Nimejaribu sana kuwaona. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, labda amekaa na Kiswahili miaka miwili tu, anasimama mbele ya sanduku lililotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Katika sanduku hilo chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e. Kiswahili hakitaki e nyingi kiasi hicho. Kinakula a, tena a, kisha i na u, na k na w kwa wingi ambao Mwingereza hakuutazamia. Sisi kiwandani kwetu, miaka mia moja baadaye, bado tulikuwa tunaishiwa a kabla kitabu hakijafika mbali. Ilibidi tuchape kurasa chache, tuzivunje, tuoshe herufi kwa mafuta ya taa na kuzirudisha moja moja vyumbani mwake, ndipo tuendelee.

Kazi ya kurudisha herufi watu wa nje hawaijui. Ukurasa ukishachapwa haukai. Zaburi uliyoipanga jana kwa nusu siku leo unaivunja kwa mkono wako, na a zake zinaingia kwenye stakabadhi za chama cha ushirika, kwenye kadi za harusi, kwenye tangazo la mazishi. Nimepanga Injili ya Yohana na fomu za kupokelea mkonge kwa herufi zilezile, katika juma moja. Sikuwahi kuona kwamba Injili imeshushwa hadhi. Niliona ndipo mahali pake, katikati ya kazi za watu, na nilipokuwa nikipanga stakabadhi nilizipanga kwa uangalifu uleule, maana mkulima asiyejua kusoma anadhulumiwa kwa tarakimu moja iliyogeuzwa.

Na mpangaji husoma kuliko msomaji. Anayesoma kitabu anaruka. Jicho lake linaona mwanzo wa neno na kulikisia lililobaki. Anayepanga hawezi kukisia, kila herufi lazima ipite kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mimi nilikuwa Mkristo tangu ubatizo wa utotoni, lakini sehemu nyingi za Maandiko nilizisikia kwa mara ya kwanza kwa kuziokota. Orodha ya majina mwanzoni mwa Injili ya Mathayo, ambayo kanisani watu huisinzia, ilinichukua siku nzima, na kufika jioni Tamari, Rahabu na Ruthu walikuwa wamekuwa watu kwangu. Kwa hiyo ninapowafikiria watoto wa Kiungani, siwafikirii kama vibarua wa Steere. Mtoto aliyeuzwa, aliyepanga herufi kwa herufi habari za Yusufu kuuzwa na ndugu zake, alikuwa anasoma kwa namna ambayo mtafsiri mwenyewe hakuweza kusoma.

Hatuna haja ya kubuni waliyokuwa nayo mioyoni. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa misheni, alitoa London kitabu kiitwacho Kiungani. Alikuwa amewaomba wavulana waandike wenyewe, kwa Kiswahili, habari za maisha yao: walikotoka, walivyokamatwa, walivyouzwa mkono hadi mkono hadi pwani, walivyookolewa. Kisha akazitafsiri kwa Kiingereza. Ninasikitika kwamba zilizosambaa duniani ni tafsiri na si Kiswahili chao. Lakini walikuwa wameandika, na watoto ambao kwa sheria ya soko walikuwa bidhaa waliweza kusema "mimi" kwenye karatasi.

Kuhusu soko lenyewe la watumwa la Unguja, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa limesemwa na wengi. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873. Sehemu ya uwanja wake, pale Mkunazini, ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Steere, ambaye alikuwa askofu tangu 1874, ndiye aliyelijenga. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Biblia nzima ya Kiunguja hakuiona. Ilitoka mwaka 1891, ikakamilishwa na wengine, ikachapwa Uingereza kwa gharama ya Chama cha Biblia. Hili nalisema wazi, watu wasije wakadhani kila ukurasa ulipangwa na watoto wa Unguja. Vilivyotoka kwenye chapa ya Zanzibar ni vile vitu vya kila siku: sala, nyimbo, katekisimu, hadithi, vipande vya Maandiko vya kujaribiwa, vitabu vya kujifunzia kusoma. Lakini bila vitu hivyo Biblia ile nzito ingefika kwa watu wasioweza kuifungua.

Mmoja wa vijana wa shule ile, Dallington Maftaa, alisafiri na kusoma kwake mbali kuliko walimu wake. Novemba 1874 Henry Stanley aliondoka Pwani na msafara mkubwa, na Dallington alikuwa ndani yake. Mwaka 1875 walifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Stanley alipoendelea na safari, Dallington alibaki ikulu ili amsomee Kabaka Maandiko kwa Kiswahili na kumwandikia barua. Mwaka 1876 alimwandikia Steere, askofu wake, kumpa habari za huko. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipoingia Buganda, katikati ya mwaka 1877, walimkuta Mwafrika aliyesoma Kiungani ameshatangulia. Historia za Kanisa la Uganda huanza na Stanley na barua yake ya kuwaita wamisionari, iliyotoka gazetini London. Mimi ningeanza na kijana huyu, aliyebaki peke yake katika ikulu ya mfalme mwenye nguvu kuliko wote wa eneo lile, hana jeshi, hana ndugu, ana kitabu na sauti.

Wengine walikwenda kusini. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja hadi Lindi na kutoka huko kwa miguu kuelekea bara. Walikusudia kukaribia Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi walisimama, wakajenga. Cecil Majaliwa, Myao aliyepita Kiungani, alifanya kazi Chitangali tangu 1886 na kupewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kufikia daraja hilo. Wengi wa waliotoka Kiungani kwenda kufundisha walioa wasichana waliosoma Mbweni kwa Bibi Caroline Thackeray. Kwa hiyo nyumba ya mwalimu kijijini ilikuwa na wasomaji wawili, na mara nyingi mke ndiye aliyekuwapo nyumbani watoto walipokuja na vibao vyao. Nyaraka za misheni zinawataja wanawake hao kama wake wa fulani. Nadhani kusoma kwa vijiji vyetu kulisimama juu yao kuliko tunavyokiri.

Kilichowaunganisha watu waliotawanyika hivyo kilikuwa gazeti. Msimulizi lilianza kutoka Kiungani mwaka 1888, na kazi ya kulipanga na kulichapa ilikuwa ya wanafunzi. Mwalimu aliyeko Ruvuma aliandika barua, ikaletwa pwani na mpagazi, ikapanda jahazi, ikapangwa na mvulana aliyekuwa akiketi kwenye benchi alilolikalia mwandishi zamani, kisha ikarudi kwa walimu wenzake wa Ubondei na Nyasa. Mambo yake yalikuwa ya kawaida: nani kabatizwa, nani kafa, shule ina watoto wangapi, mvua imekuwaje, njia imefungwa na vita. Kwangu mimi ukawaida huo ndio utukufu wake. Miaka michache tu kabla ya hapo Kiswahili kilichochapwa kwa herufi hizi kilikuwa cha sala na masomo, kikitoka juu kwenda chini. Hapa watu waliwaambia wenzao habari zao wenyewe. Katika miaka ya 1890 Magila nako, hapa kwetu Ubondei, chini ya milima ya Usambara, kukawa na gazeti lake, Habari za Mwezi.

Magila, ambayo wengi huijua kwa jina la Msalabani, ndiko ulikotoka ukoo wangu wa Kikristo. Misheni iligusa mahali hapo tangu miaka ya 1860, ikakatika, ikarudi kwa nguvu mwaka 1875. Babu yangu alikuwa mwalimu wa dini. Alikuwa kijana tu vita ya 1914 ilipoanza, na habari aliyoisimulia kuliko zote ni ya kuondolewa kwa walimu na mapadre. Serikali ya Kijerumani iliwashuku kwa sababu misheni yao ilikuwa ya Waingereza. Walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa, wakapelekwa bara hadi Tabora. Kwa wasomaji wa Ubondei ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba barua, daftari na kitabu cha sala vinaweza kumpeleka mtu kifungoni. Walifunguliwa majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora Septemba 1916. Padre Samwil Sehoza, mmoja wa waliofungwa, aliandika habari hizo kwa Kiswahili katika kitabu alichokiita Mwaka katika Minyororo, kilichotoka mwaka 1921. Nakihesabu kati ya vitabu vyenye thamani kubwa vya Tanzania, na ni aibu kwetu kwamba mtoto anaweza kumaliza kidato cha sita bila kulisikia jina la mwandishi wake. Wazee wake Sehoza katika imani walikuwa watoto waliofunguliwa minyororo ili wajifunze kuandika. Yeye alifungwa minyororo kwa kuwa alikuwa amejifunza, akatoka na kuandika.

Nyumbani kwa babu kulikuwa na Biblia ya Kiunguja, nene, imefungwa kwa kitambaa cha kanga. Baada ya chakula cha jioni kibatari kiliwekwa juu ya debe lililofunikwa, babu akavaa miwani yenye mguu mmoja wa uzi, akasoma kwa sauti. Hakuna aliyesoma kimyakimya katika nyumba ile. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaa akasikiliza, Mkristo au Mwislamu, kisha akaondoka na chumvi yake. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa akichambua mboga huku sikio liko kwa mumewe, na babu aliporuka mstari kwa usingizi alisikia: "Mwalimu, umeruka." Alikuwa ameruka kweli. Nilikuwa mdogo, nikadhani bibi ana uwezo wa ajabu. Sasa naona alikuwa na maktaba nzima kichwani, aliyoijaza kwa masikio miaka na miaka, na kwamba wanawake kama yeye walikuwa wengi kila kijiji.

Biblia hiyo ilipozeeka, ilikuja ya Muungano, Agano Jipya mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952. Kabla yake Wakristo wa Kiswahili walikuwa na vitabu vitatu. Sisi wa UMCA tulikuwa na cha Kiunguja. Waanglikana wa Kenya walikuwa na cha Kimvita, kilichokamilika mwaka 1914. Walutheri na Wamoravian walikuwa na cha mwaka 1937 cha Karl Roehl, ambaye alifanya kazi pamoja na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Majina hayo mawili ningependa yachapwe kwenye jalada. Katika milima hii, binti wa Kilutheri akiolewa na kijana wa Msalabani, Biblia mbili zilikaa kwenye rafu moja na hazikusema maneno sawa, na wazazi wakibishana walibishana kwa vifungu. Kuunganisha ilikuwa lazima. Bibi yangu, hata hivyo, hakuipokea hadi mwisho. Babu alimsomea ile mpya, naye aliendelea kusema ameruka, na kwa sikio lake lilivyofunzwa, alikuwa na haki.

Nimekuwa msomaji wa masomo kanisani tangu nilipoacha kazi ya chapa. Herufi za risasi zilishaondoka, ikaja mitambo mingine, na sasa kitabu kizima kimo ndani ya simu ya kijana anayekaa benchi la mbele. Sina ugomvi na simu. Ninachokiona ni kwamba Maandiko sasa husomwa na mtu mmoja, peke yake, mstari mmoja uliotumwa na rafiki asubuhi, na jioni nyumba nyingi za Wakristo hazisikii sauti ya msomaji hata kidogo. Vijana wanaojifunza kwangu kusoma masomo ya Jumapili nawafundisha jambo ambalo nililipata kwenye sanduku la herufi: wasome somo lote, na majina yote, kwa mwendo wa mtu anayeokota. Mwanzoni wanaona aibu mbele ya majina ya Kiebrania. Baadaye nawasikia wazee wao wakisema kwamba Jumapili ile walisikia.

Kazi nyingine ninayoifanya siku hizi inahusu kurasa za mbele. Katika Biblia za zamani za Ubondei, kati ya jalada na kitabu cha Mwanzo, watu waliandika maisha yao: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, vifo, mbuzi waliokopeshwa, tarehe ya kuanza kupanda minazi, jina la mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo. Nimeona ukurasa ulioandikwa kwa mikono mitatu, wa kwanza wenye herufi zilizonyooka za mtu aliyefundishwa Kiungani, wa pili wa mwanawe, wa tatu wa mjukuu aliyetumia kalamu ya wino wa kijani. Ofisi za serikali hazina kumbukumbu hizo, na daftari nyingi za parokia zimeliwa na mchwa. Biblia hizo zinapotea kila siku. Jalada likichanika, zinachomwa kwa heshima au zinafukiwa, na kurasa za mbele zinakwenda nazo.

Kwa hiyo kama kwenu kuna Biblia ya Kiunguja, au ya Roehl, au ya Muungano ya miaka ile ya mwanzo, usiichome kabla hujazipiga picha kurasa hizo kwa simu yako, mchana, karibu na mlango. Kisha keti na mzee wa nyumba aliyebaki akuambie kila mwandiko ni wa nani, uliandike jina lake pembeni.